Dawa za njia panda

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, wakaiita SILABU. Mawakala wake walipanda hadi nyanda za juu kusini kutafuta wanaume, na wilaya ya Njombe ikawa inategemewa sana. Wabena, Wakinga na Wapangwa walijiandikisha, wakapimwa afya, wakapewa namba, wakaitwa manamba, na kusafirishwa hadi Tanga na Morogoro kukata mkonge. Aliyeonekana dhaifu alirudi nyumbani kwake. Mbele ya mwajiri, mwanaume wa Njombe alikuwa na thamani moja tu, nayo ni nguvu zake.

Manamba wameisha, na mkonge wenyewe umepungua. Biashara ya nguvu za wanaume haikuisha, ila imegeuka. Zamani mgeni alipanda Njombe kununua nguvu hizo. Siku hizi anapanda kuwauzia wenyeji.

Pa kuitazamia biashara hii vizuri ni Makambako, kilometa kama 60 kaskazini ya mji wa Njombe, pale barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Mbeya na Tunduma. Basi likisimama, wauza mahindi ya kuchemsha na soda hukimbilia madirishani, lakini yuko mwingine anayepanda hadi ndani na begi begani. Husimama katikati ya viti, huwaomba radhi abiria, huwatakia safari njema, kisha huanza na dawa ya meno au ya minyoo, kitu ambacho hakimtii mtu haya. Basi likishatoka mjini ndipo hushusha sauti na kufika kwenye kilichompandisha. Hutaja ngiri, chango la kiume, mgongo kuuma, kuchoka mapema, na madhara ya punyeto ya ujanani. Mkononi ana chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha kahawia, au unga uliofungwa kwenye nailoni na kuzungushiwa karatasi ya fotokopi. Bei ya dozi kamili huanza juu, kisha huteremka kila anapokipita kiti. Kituo kinachofuata anashuka, na abiria anaendelea na safari akiwa na chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, mfukoni mwa koti.

Mganga wa zamani katika vijiji vya Ubena alikuwa jirani. Alijulikana ukoo wake, shamba lake na mahali anapochimba mizizi. Desturi iliyoenea sehemu nyingi za nchi ilikuwa kutanguliza kitu kidogo na kukamilisha malipo mgonjwa akishapona, na mganga ambaye dawa zake zilidhuru watu hakuwa na pa kujificha. Haimaanishi kwamba dawa zake zote zilikuwa salama. Mizizi ina sumu zake, na wapo waliokufa kwa kipimo kilichozidi. Lakini aliyepewa dawa alijua arudi kwa nani.

Dola ya kikoloni haikuliona hilo, na ilikuwa na sababu zake. Septemba 1905 Wabena walioingia katika vita vya Majimaji waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Maji waliyopewa wapiganaji na waganga hayakuzuia risasi, na Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuchoma vijiji na akiba za chakula kote kusini. Tangu hapo mganga alionekana mchochezi kwanza, na tabibu baadaye. Waingereza walipoichukua nchi walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, wakaitunga upya mwaka 1928. Sheria hizo ziliuliza kama mtu anaroga au anajidai kuroga. Hazikuuliza kilichomo ndani ya kibuyu chake. Nazo sheria za madaktari zilimwachia tabibu wa kienyeji atibu watu wa jamii yake, kana kwamba jamii hiyo haitahama na dawa haitasafiri.

Vyote viwili vilisafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilipata lami. Pembeni yake Wachina walikuwa wakijenga TAZARA, reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja yanayofuatana. Miaka ya 1980 lami ikashuka kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea kwa msaada wa Uingereza. Makambako ikawa njia panda ya nchi nzima: shaba ya Zambia, mbao na viazi vya Njombe, mahindi ya Ruvuma, na bidhaa za bandarini zinazopanda kwenda Kongo. Hata vitafunio vinavyosifiwa na vijana kuwa vya kiume, yaani nazi, karanga na mihogo mibichi, vinauzwa kwenye sinia moja huko penye baridi, mbali na mnazi wowote.

Reli ile ilikuwa sehemu ya uhusiano na China ambao baadaye ulizaa biashara nyingine. Madaktari wa China walikuwa wameanza kufanya kazi Zanzibar mwaka 1964 na Tanganyika ya zamani mwaka 1968, wakiwa watumishi wa makubaliano ya serikali. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, zikachipuka zahanati binafsi za Kichina, hasa Dar es Salaam na Zanzibar. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu wa Chuo Kikuu cha Oxford alizichunguza kwa miaka kadhaa, na kati ya bidhaa alizozikuta zikitafutwa ni zile za nguvu za kiume. Dawa ya asili sasa ilikuwa na boksi, picha ya mzizi na maandishi ambayo mnunuzi hakuweza kuyasoma.

Tamaa yenyewe si ya Waafrika peke yao, wala si ya wasiosoma. Mwaka 1889 mjini Paris, mwanasayansi mashuhuri Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis huko Mauritius, aliwatangazia wenzake kwamba akiwa na miaka 72 amejidunga majimaji ya korodani za mbwa na simbilisi, na kwamba ujana umemrudia. Haukuwa umemrudia. Mnamo miaka ya 1920 huko Kansas, Marekani, John Brinkley aliwapandikizia wanaume korodani za mbuzi na kujitangaza kwa redio yake mwenyewe, hadi leseni yake ya udaktari ilipofutwa mwaka 1930. Wagonjwa wake kadhaa walikufa. Aliyewahi kusikiliza redio za mikoani Tanzania kabla ya mwisho wa 2015 atautambua mtindo wake: tabibu anajisifia mwenyewe, mgonjwa anatoa ushuhuda, na namba ya simu inarudiwa mara tatu.

Hadi hapo, hata hivyo, udanganyifu ulikuwa na kikomo, kwa sababu dawa nyingi kati ya hizo hazikufanya kazi. Mteja alipoteza fedha na matumaini. Kilichobadili mambo kilitoka katika maabara ya kampuni ya Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, ambako watafiti walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Wanaume waliojitolea kwenye majaribio walianza kuripoti athari wasiyoitarajia. Machi 1998 Marekani iliidhinisha kidonge hicho, sildenafili, kwa jina la Viagra. Mwanzoni kilikuwa ghali mno kwa mkulima wa viazi, lakini muda si mrefu viwanda vya India vilianza kutengeneza vidonge vyenye kiini hichohicho kwa bei ya chini kabisa.

Kidonge cha bei ndogo kinasagika. Kikisagwa na kuchanganywa na unga wa mizizi, au kuyeyushwa ndani ya chupa ya kahawia, hakionekani, na mnunuzi anakunywa dawa ya hospitali akiamini ni mti wa porini. Huu ndio uchakachuaji ulioenea dunia nzima. Katika orodha ya mamlaka ya dawa ya Marekani, virutubisho 776 viligunduliwa kati ya 2007 na 2016 vikiwa na dawa zilizofichwa. Karibu nusu vilikuwa vya nguvu za kiume, na kiini kilichoongoza katika kundi hilo kilikuwa sildenafili.

Ubaya wa hila hii ni kwamba inampa mteja alichokitaka. Mizizi haimwinui mtu ndani ya saa moja, sildenafili inaweza. Mteja anaondoka akiwa shahidi wa kweli, anamwambia rafiki yake, na rafiki anamtafuta muuzaji. Ishara zipo kwa anayezijua: kichwa kugonga, uso kuwaka moto, pua kuziba, pengine macho kuona rangi ya buluu. Wauzaji wengi huwa wameshajiandaa kwa maelezo kwamba hiyo ni sumu inatoka mwilini. Maelezo hayo ni ya hatari kuliko unga wenyewe, kwa kuwa yanamfanya mtu ashangilie dalili za kuzidishiwa dozi.

Kisa kilichothibitishwa vizuri zaidi katika ukanda huu kilianzia upande wa pili wa TAZARA. Mjini Ndola, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, kampuni ya Revin Zambia ilikuwa ikitengeneza kinywaji cha kuongeza nguvu kilichoitwa SX Natural Power na kukiuza nje ya nchi pia. Mnywaji mmoja nchini Uganda alilalamika kwamba alitokwa jasho bila kukoma na uume wake ulisimama kwa karibu saa sita. Mamlaka ya dawa ya Uganda ikakipima, ikakuta sildenafili, na mwishoni mwa Desemba 2018 ikawaandikia wenzao wa Zambia. Vipimo vya Zambia navyo vikasema hivyohivyo, na mwaka 2019 kinywaji kikapigwa marufuku huko. Haikuwa chupa ya mchuuzi wa ndani ya basi. Ilikuwa kopo la kiwandani, lenye nembo, limeandikwa kuwa ni kitu cha asili.

Saa sita si jambo la kuchekea vijiweni. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, damu iliyonaswa humo inaishiwa oksijeni na nyama huanza kufa. Anayechelewa kufika hospitali anaweza kuupoteza uwezo huo moja kwa moja. Na hiyo si hatari kubwa kuliko zote. Anayetumia naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua akiongeza sildenafili, presha yake inaweza kuporomoka hadi afe. Daktari anayeandika cheti cha sildenafili huuliza kwanza kuhusu moyo. Muuza unga hawezi kuuliza, maana akiuliza atakuwa amekiri kilichomo.

Kwa Njombe lipo jambo jingine, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, umekuwa ukiongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi: asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011 na 2012, na asilimia 12.7 katika ule wa 2022 na 2023. Maelfu ya wanaume wake humeza dawa za kufubaza virusi kila siku, na wako hai kwa sababu hiyo. Wengi wako kwenye mseto wenye dolutegravia, usiogombana na sildenafili. Lakini waliohamishiwa daraja la pili mara nyingi wanatumia dawa zilizoongezewa ritonavia, na ritonavia hulizuia ini lisiivunje sildenafili. Majaribio yalionyesha kiasi kinachobaki kwenye damu kinaweza kuongezeka mara 11. Ndiyo maana mwongozo humruhusu mtu wa namna hiyo miligramu 25 tu ndani ya saa 48, ilhali kidonge cha kawaida kina 50 au 100. Mwanaume huyo akinywa kijiko cha unga ambao hakuna anayejua una miligramu ngapi, hesabu hiyo yote inavunjika, na mhudumu wa kituo cha tiba na matunzo aliyempangia dawa zake kwa uangalifu hana habari.

Upo pia mzunguko wa presha na kisukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanaume wenye kisukari waliotibiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa nguvu za kiume. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba huonyesha dalili mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Kwa mwanaume wa miaka 50, tatizo hili linaweza kuwa taarifa ya kwanza anayopewa na mwili wake. Akienda hospitali atapimwa sukari na presha. Akienda kwa muuza dozi ataambiwa ni ngiri, au ni adhabu ya ujana wake, na ile taarifa inazimwa kwa kidonge kilichosagwa huku ugonjwa ukiendelea. Wengine huambiwa waache kabisa vidonge vya presha, kwa kuwa ndivyo vinavyomaliza nguvu. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zina athari hiyo, na daktari anaweza kuzibadilisha. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi.

Siku hizi maneno ya ngiri yamepata mashine. Kwenye vibanda vya afya mijini mteja hupewa kifimbo cha chuma akishike, waya unaingia kwenye kompyuta ndogo, na baada ya dakika moja kurasa zinatoka zikieleza ini lake, figo, tezi dume na nguvu za kiume kwa tarakimu zenye desimali. Hakuna damu iliyochukuliwa wala mkojo. Kifimbo hicho hakina uwezo wa kupima lolote kati ya hayo. Kinachofanya ni kumfanya mtu mzima, aliyetoka nyumbani akiwa mzima, aondoke na ugonjwa uliochapishwa kwenye karatasi na orodha ya makopo ya kununua.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyoanzisha Baraza la kuwasajili waganga na dawa zao. Baada ya miaka themanini ya sheria za uchawi, ndipo kibuyu kilipoanza kuangaliwa kilichomo. Mwaka uliofuata, kwenye mwisho wa lami ileile inayoanzia Makambako, mkoa wa Ruvuma ulifanyiwa majaribio ya Duka la Dawa Muhimu, badala ya maduka ya dawa baridi ambayo mengi yaliuza chochote. Muuzaji alifundishwa, duka likakaguliwa, na orodha ya dawa anazoruhusiwa ikabandikwa. Mpango ulifanikiwa na kuenea nchi nzima. Ni moja ya mambo bora yaliyowahi kutoka kusini, na linastahili sifa zaidi ya linazopata. Lakini sildenafili haikuwa kwenye orodha ile. Mwanaume mwenye aibu, anayetakiwa kwenda hospitali kwanza ili apate cheti, aliendelea kuona chupa ya kahawia kuwa njia fupi.

Mwishoni mwa 2015 naibu waziri wa afya wa wakati huo, Hamisi Kigwangalla, alivivalia njuga vituo vya tiba asili vilivyojitangaza kupita kiasi, na matangazo yakasitishwa. Mwaka 2018 Baraza lilitangaza dawa tano za kwanza za asili kusajiliwa, mojawapo ikiwa ya nguvu za kiume iitwayo Ujana. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwani kwa mara ya kwanza mnunuzi angeweza kudai namba ya usajili. Kisha, mapema mwaka 2019, Njombe ikapatwa na msiba wa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Polisi wakawasaka waganga wasio na vibali, na kwa uchungu ule hakuna aliyeweza kuwalaumu. Hata hivyo macho ya dola yalirudi palepale pa 1928, kwa mtu anayeroga. Aliyekuwa akisaga vidonge hakuwa na tunguri wala hirizi, na upekuzi wa namna hiyo haukumhusu.

Ugumu uliobaki ni wa kijiografia. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilianza kupokea wanaume wasio na kisukari waliozimia kwa kushuka sukari. Katika miezi mitano walifika wagonjwa 150. Saba walikaa muda mrefu bila fahamu na wanne walikufa. Madaktari waliuliza, wakakagua, wakagundua kwamba dawa haramu za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama mitishamba, zilikuwa na glibenklamidi, dawa ya kisukari inayojulikana sana hata Tanzania. Waliigundua kwa kuwa Singapore ni mji mmoja na wagonjwa walirundikana kwenye hospitali chache.

Makambako haina bahati hiyo. Aliyenunua chupa saa moja jioni atakuwa Mbeya usiku huo, au Songea, au foleni ya malori ya Tunduma. Presha ikimporomoka atapokelewa na daktari ambaye hajawahi kuiona chupa ile, na mkewe atasema alikula chipsi njiani. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina fomu ya njano ambayo mhudumu yeyote wa afya anaweza kuijaza akishuku madhara ya dawa. Ikijazwa Tunduma moja na Songea moja, zikitaja unga uleule na stendi ileile, mkaguzi wa dawa anajua aanzie wapi. Kwa hilo mgonjwa anahitaji kuulizwa, pasipo mahubiri na pasipo mke wala wakwe kusikia, alimeza nini tangu jana na alikinunua wapi.